Delfinia zinazotoa maua ya kweli: mwongozo kamili kwa bustani za nyanda za juu

Delfinia, mmea wa bustani wenye masuke marefu ya maua, ikikataa kutoa maua, lawama huangukia mbolea. Watu huongeza CAN, mbolea ya naitrojeni, majani yanazidi kupanuka na kukoza kijani, na suke halitokei. Au linatokea fupi, lina maua machache, na mvua ya kwanza inalilaza chini.

Mbolea ni sababu ya nne au ya tano. Zinazotangulia ni mbegu iliyokufa ikiwa bado kwenye pakiti, udongo wenye asidi, maji yanayotuama chini ya mmea, na machipukizi mengi yaliyoachwa yagombanie mizizi ileile. Maua mengi ya delfinia hupotea katika miezi miwili ya kwanza, mwenye bustani akidhani kila kitu kinakwenda vizuri.

## Je, mahali ulipo panafaa?

Delfinia inataka mchana wa nyuzi joto 18 hadi 24 na usiku wa baridi, chini ya nyuzi 15. Limuru, Nyahururu, Molo, Nanyuki, Njombe, Mufindi, Kabale na Musanze panafaa sana. Nairobi, Nyeri na Mbeya panafaa ukichagua aina kwa makini. Jamii hii si mgeni kwetu: Delphinium macrocentron huota yenyewe kwenye nyanda za juu za Kenya, na Delphinium leroyi kwenye milima ya Tanzania.

Mombasa, Tanga mjini na Dar es Salaam usijisumbue. Usiku wa nyuzi 23 hauupi mmea nafasi ya kupumzika. Utaota, utarefuka ukiwa mwembamba, kisha utaoza. Hakuna kivuli wala mbolea itakayobadilisha hilo.

## Tahadhari kabla ya kununua mbegu

Mmea wote una sumu, na iliyo kali zaidi imo kwenye mbegu na machipukizi machanga. Ng'ombe hufa kwa kula jamaa zake wa porini huko magharibi mwa Marekani. Kwa hiyo majani unayopunguza usimtupie ng'ombe, mbuzi wala sungura, hata kama ndiyo desturi ya kila kinachotoka bustanini. Yafukie au uyaweke kwenye mboji iliyozungushiwa uzio. Vaa glavu unapokata, na nawa mikono kabla ya kushika chakula. Penye watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, panda ua jingine.

## Vifaa

Vipimo hivi ni vya tuta la mita 1 kwa mita 3, lenye miche 10 ya aina ndefu.

- Mbegu 30, za msimu huu
- Trei ya miche au vikombe vidogo vilivyotobolewa chini
- Mboji iliyochekechwa na mchanga wa mto, kiasi sawasawa, jumla nusu ndoo
- Mifuko ya miche au vyungu 10 hadi 12 vya upana wa sentimita 10
- Samadi iliyooza vizuri, madebe 3 ya lita 20
- Chokaa ya kilimo, gramu 750, ikiwa udongo una asidi
- NPK 17:17:17, gramu 200
- Fito au mianzi 30 ya mita 1.5, na kamba ya katani
- Mkasi mkali wa kupogolea
- Majani makavu au nyasi za kutandaza
- Glavu

CAN haimo, na haikusahaulika.

## Hatua ya 1: Chagua aina inayokubali siku zetu

Karibu na ikweta siku ina takriban saa 12 za mwanga mwaka mzima. Delfinia nyingi za madukani zilizalishwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, zimezoea baridi kali ya miezi kadhaa kisha siku ndefu za saa 15 au 16. Ukipanda aina ya namna hiyo, unaweza kukaa na kichaka cha majani mwaka mzima.

Tafuta zinazotoa maua mwaka wa kwanza bila kungoja baridi. Kundi la Guardian ndilo la kuanzia. Magic Fountains ni fupi, chini ya mita moja, na huhimili upepo vizuri zaidi. Belladonna ina masuke mepesi, mengi, yasiyosumbua. Kwa chungu cha barazani, Blue Butterfly, ambayo ni Delphinium grandiflorum, haifiki nusu mita na haihitaji fito.

Pacific Giants ndizo zinazopendwa kwenye picha, kwa sababu suke lake hupita kimo cha mtu. Waachie wenye bustani za mita 2,000 na zaidi, walio tayari kufunga kamba kila wiki. Kuanza nazo ndiko kunakokatisha wengi tamaa.

## Hatua ya 2: Panga tarehe kwa kuhesabu nyuma

Tangu kupanda mbegu hadi ua la kwanza ni miezi minne hadi mitano kwa aina za mwaka wa kwanza. Unataka maua yafunguke wakati wa ukavu, kwa kuwa suke lililojaa maji ya mvua ni zito na bua lake lina uwazi ndani.

Nyanda za juu za Kenya: mbegu ziwekwe mwanzoni mwa Septemba, miche iingie tutani Novemba pamoja na mvua za vuli, maua yaje mwisho wa Januari na Februari. Mzunguko mwingine uanze mwishoni mwa Januari, maua yaje Juni.

Njombe, Mufindi na Mbeya, penye msimu mmoja wa mvua: mbegu Februari, tutani mwisho wa Aprili mvua zikikatika, maua kuanzia Julai. Hapo utamwagilia kwa mkono muda wote, na penye sakitu funika masuke machanga kwa gunia jepesi usiku. Majani yenyewe huistahimili.

## Hatua ya 3: Otesha mbegu kwa ubaridi na giza

Hapa ndipo wengi huanguka, nao hawajui. Mbegu ya delfinia ikikaa kwenye joto la chumba hupoteza uhai upesi. Pakiti iliyoning'inia dukani kwenye jua kwa mwaka mmoja inaweza isiote hata moja. Soma tarehe ya kufungashwa. Ukifika nyumbani, itie kwenye chupa kavu yenye mfuniko na uiweke kwenye friji, mbali na sehemu ya kugandisha.

1. Mwagia mchanganyiko wa mboji na mchanga maji yaliyochemka, kisha uache upoe kabisa. Hii hupunguza vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaokata miche shingoni.
2. Jaza trei, weka mbegu mbili kila shimo, funika kwa milimita 3 za mchanganyiko. Usizidishe.
3. Lowesha kwa kuiweka trei kwenye beseni la maji hadi juu pabadilike rangi, kisha itoe ichuruzike.
4. Funika kwa gazeti au ubao ili kuwe na giza, na uweke mahali penye nyuzi 13 hadi 18.

Limuru au Njombe, veranda yenye kivuli inatosha. Nairobi tafuta sakafu ya bafu au stoo isiyopigwa na jua. Joto likipita nyuzi 24, mbegu nyingi hulala tu. Usiweke trei juu ya friji au karibu na jiko kwa kudhani unaiharakisha, kama unavyofanya kwa nyanya.

Baada ya siku 10 chungulia kila asubuhi. Mche wa kwanza ukitokea, toa kifuniko siku hiyohiyo na uipeleke trei kwenye mwanga usio wa jua kali. Mingine itafuata hadi siku ya 21, hata 28.

Dalili ya mafanikio: miche mifupi, minene, yenye majani mawili laini ya mbegu, kisha jani la kweli lililogawanyika kama kiganja. Miche iliyorefuka na kuinama imekosa mwanga. Iliyoanguka na kunywea shingoni ina kinyausi: iondoe pamoja na udongo wake, punguza maji, ongeza hewa.

## Hatua ya 4: Hamishia kwenye mifuko

Mche ukifikisha majani matatu ya kweli, uhamishie kwenye mfuko. Shika jani, usishike kibua. Kitako cha mmea, pale mizizi inapokutana na machipukizi, kibaki sawa na uso wa udongo. Kukizika hata sentimita 2 ni kukiozesha.

Katika wiki mbili za mwisho uitoe miche nje, saa mbili za jua la asubuhi kwanza, ukiongeza kidogo kidogo.

## Hatua ya 5: Andaa tuta mwezi mmoja kabla

Chagua mahali penye jua la saa 6 au zaidi, hasa la asubuhi, pasipopigwa na upepo wa moja kwa moja. Usipande chini ya mgravilea wala karibu na mikaratusi. Mizizi yake hunywa yote.

Pima asidi. Delfinia inataka pH ya 6.5 hadi 7. Udongo mwekundu wa sehemu za chai mara nyingi uko chini ya 5.5, na hapo fosforasi hunaswa na udongo hata ukiimwaga kwa debe. Maabara za udongo za taasisi za utafiti wa kilimo, KALRO nchini Kenya na TARI nchini Tanzania, hupima. Ukitaka ishara ya haraka, tazama haidrenjia za jirani ambazo hazijawekewa kitu: zikiwa za buluu, udongo wenu una asidi, zikiwa za pinki, uko karibu na unapotaka.

Penye asidi, nyunyiza gramu 250 za chokaa ya kilimo kwa kila mita ya mraba na uchanganye hadi kina cha sentimita 20. Usiitie siku moja na samadi, kwani chokaa hufukuza naitrojeni ya samadi iende hewani. Chokaa kwanza, samadi baada ya wiki tatu.

Pima maji. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze, likauke, ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya saa nne, endelea. Yakilala hadi kesho, inua tuta kwa sentimita 25 au uache. Wakati wa masika kitako kikikaa kwenye tope kwa siku tatu, mmea wa miezi mitano unakwisha.

Kisha lima kina cha sentimita 40, changanya debe moja la samadi kwa kila mita ya mraba na gramu 30 za NPK, yaani vijiko viwili vya mezani. Samadi iwe nyeusi, isiyonuka, isiyo na moto ndani. Mbichi huunguza mizizi na kuleta majani mororo yanayopendwa na kila mdudu.

## Hatua ya 6: Panda

Panda jioni au siku ya mawingu. Mistari miwili iachane sentimita 50, na mche hadi mche sentimita 60. Aina fupi 40. Nafasi hiyo itaonekana kubwa mno mwezi wa kwanza. Usijaze katikati na kitu kingine, hewa inayopita hapo ndiyo kinga yako dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa unga mweupe juu ya majani.

Kitako kiwe sawa na uso wa udongo, au juu kidogo. Mwagilia lita 2 kila mche. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, ila uache duara tupu la sentimita 10 kuzunguka kila mmea.

Wiki tatu za kwanza adui ni konokono na koa. Hula kichipukizi cha katikati usiku, na asubuhi unaona mche umesimama palepale bila kuongezeka. Toka na tochi saa tatu usiku uwaokote. Majivu makavu husaidia hadi yanapolowa. Mvua ikinyesha unaanza upya.

## Hatua ya 7: Punguza machipukizi

Hatua hii watu huiruka kwa huruma, na hakuna nyingine inayobadilisha suke kwa kiasi hiki.

Mmea ukishika, hutoa machipukizi matatu, matano, hata kumi toka kitakoni. Yote yakiachwa, kila moja hupata fungu dogo la chakula: mabua membamba, masuke mafupi, majani yaliyobanana na kushika unyevu. Yakipunguzwa, mizizi ileile inalisha machache, nayo yananenepa.

Subiri machipukizi yafike sentimita 7 hadi 10. Bakiza:

- mzunguko wa kwanza wa maua: 1, au 2 ikiwa mmea una nguvu sana
- mzunguko wa pili: 3
- mmea mkubwa wa mwaka wa pili: 5, usizidi 7

Ondoa kwanza yaliyo membamba na yaliyo katikati. Bakiza manene ya pembeni yaliyoachana. Kata usawa wa udongo. Aina fupi na Belladonna zinaweza kubaki na mawili zaidi.

Ukikata machipukizi ya nje yenye kipande cha kitako kisicho na uwazi ndani, yachomeke kwenye mchanga mnyevu kivulini. Yakitoa mizizi una miche inayofanana na mama, jambo ambalo mbegu ulizochuma mwenyewe toka aina chotara haziwezi kukuahidi.

Dalili ya mafanikio: wiki tatu baadaye bua lililobaki lina unene wa kidole, na majani ya chini ni mapana kuliko kiganja chako.

## Hatua ya 8: Funga mapema

Mmea ukifika sentimita 30, chomeka fito tatu kuuzunguka, kila moja sentimita 15 toka kitakoni na sentimita 30 ndani ya udongo. Zungusha kamba kwenye fito zote tatu, mmea ukiwa katikati. Ongeza mzunguko kila sentimita 25 unavyokua.

Usifunge bua moja kwa moja kwenye fito. Bua lazima liyumbe kidogo. Likibanwa, hukatika pale palipobanwa. Kamba ya mwisho iwe chini tu ya ua la kwanza la suke. Kwa aina ndefu ongeza ufito mwembamba unaopanda sambamba na suke lenyewe. Ukingoja hadi suke litokee ndipo uchomeke fito, utakata mizizi wakati mbaya kabisa.

## Hatua ya 9: Maji na chakula hadi maua

Tuta hili linahitaji lita 75 kwa wiki mvua isiponyesha, yaani karibu madumu manne ya lita 20, kwa mikupuo miwili. Mwagilia chini, asubuhi. Majani yaliyolala na maji hukaribisha madoa meusi ya bakteria.

Wiki mbili ambazo suke linachomoza ndizo za kulinda. Ukame wa siku nne hapo hufupisha suke, na vitumba vya juu hukauka kabla ya kufunguka. Hakuna kurekebisha baadaye.

Mwezi mmoja baada ya kupanda, rudia gramu 30 za NPK kwa mita ya mraba, mbali na kitako, kisha mwagilia. Suke likianza kuonekana, acha naitrojeni. Nusu konzi ya majivu ya kuni kwa kila mmea huongeza potasiamu, lakini mahali ulipotia chokaa msimu huu usitie majivu tena. Yote mawili hupandisha pH.

Majani yakiwa mengi, meusi-kijani na mororo bila suke, dawa ni kusitisha mbolea zote kwa wiki tano na kuangalia mwanga. Penye kivuli kirefu au aina inayodai siku ndefu, taa ya LED iliyoning'inizwa mita moja na nusu juu ya mimea, ikiwashwa tangu jua linapozama hadi saa nne usiku, huisukuma kuelekea maua.

## Hatua ya 10: Kata suke ili lije lingine

Kwa maua ya mezani, kata mapema asubuhi wakati theluthi ya chini ya suke imefunguka. Tia bua kwenye maji palepale. Usiweke chombo karibu na ndizi mbivu wala maembe: gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda huangusha maua ya delfinia upesi kuliko ya mimea mingi.

Maua ya bustanini yakinyauka, kata suke pekee, uache bua na majani yake. Hayo majani bado yanalisha mizizi. Usiache mbegu zikomae, hizo hula nguvu ya mzunguko unaofuata.

Baada ya wiki mbili tatu machipukizi mapya yatatokea kitakoni. Sasa kata bua la zamani karibu kabisa na udongo. Kisiki kirefu chenye uwazi hujaa maji ya mvua, na maji hayo huteremsha uozo hadi kitakoni. Tia debe nusu la samadi kwa mita ya mraba, gramu 30 za NPK, mwagilia, kisha rudi Hatua ya 7. Suke la pili huja baada ya miezi miwili hadi mitatu.

## Mambo yanapoharibika

Mmea umelala ghafla, udongo una unyevu. Vuta, ukinyofoka na kitako ni laini kama uji, umeoza. Ukiona nyuzi nyeupe na vipunje vya kahawia vilivyo sawa na mbegu za haradali, ni kuvu wa Sclerotium. Toa mmea na ndoo nzima ya udongo wake, tupa mbali, usipande delfinia hapo kwa miaka kadhaa. Dawa ya kuokoa mmea uliofika hapo haipo.

Vitumba vyeusi, vimejikunja, majani ya juu yamekunjamana. Wengi hudhani ni ukosefu wa madini. Mara nyingi ni utitiri mdogo mno usioonekana kwa macho. Kata sehemu yote iliyoathirika na uichome, nawa mikono na mkasi kabla ya kugusa mmea mwingine. Mmea uliojaa uondoe wote.

Unga mweupe juu ya majani. Ubwiri unga hupenda mchana mkavu na usiku wa baridi, yaani Januari na Julai zetu. Ng'oa majani ya chini hadi sentimita 25 toka ardhini, nyunyiza salfa ya maji kwa kipimo cha kwenye pakiti mara tu doa la kwanza linapoonekana. Usinyunyize jua likiwa kali, na acha wiki mbili kati ya salfa na mafuta ya mwarobaini, vinginevyo majani huungua.

Suke la tatu ni dogo kuliko la pili, na la nne halikuja. Bila baridi ya kuulaza, mmea huchoka. Baada ya mizunguko miwili au mitatu ung'oe, na uwe tayari na miche iliyooteshwa miezi miwili kabla, kwenye tuta jingine.